Piano iliyozama na mashine ya namba: kazi za Ryuichi Sakamoto

Mwaka 1978, mwanamuziki wa Tokyo aliyetaka mashine impigie wimbo alikaa mbele ya kisanduku chenye vitufe vya namba, kama kikokotoo cha mhasibu, akauandika wimbo mzima kwa tarakimu. Mashine yenyewe ni Roland MC-8, iliyoingia sokoni mwaka 1977 kwa bei ya yeni 1,200,000. Kila noti ilidai namba tatu. Ya kwanza ilitaja kimo cha sauti, ya pili muda wa kungoja kabla noti inayofuata haijaanza, na ya tatu muda ambao noti ingeshikiliwa kabla ya kuachiwa.

Tuseme umeamua mpigo mmoja uwe na hesabu 48. Nusu yake ni 24, robo yake ni 12. Ukiandika 12, 12, 12, 12 unapata noti nne zilizonyooka kama rula. Ukiandika 13, 11, 13, 11 jumla inabaki 48 ileile, wimbo hauwahi wala hauchelewi, lakini sasa unachechemea kidogo na mabega yanaanza kucheza yenyewe. Sogeza mpaka 14 na 10 na mdundo unabadilika tabia kabisa. Namba ya tatu nayo ina kazi yake: noti ya hesabu 12 iliyopewa mshiko wa 4 hudonoa kama kuku, na iliyopewa mshiko wa 12 hushikana na jirani yake. Ukikosea tarakimu moja kwenye mstari wa bezi, kila kinachofuata kwenye mstari huo kinasogea, na utakuja kugundua mbele ya safari kwamba bezi na ngoma zimeachana. Umeme ukikatika kabla hujahamishia kazi kwenye kaseti, unaanza upya.

Huko ndiko Ryuichi Sakamoto alikoanzia kujulikana. Alizaliwa Tokyo tarehe 17 Januari 1952 na kufariki tarehe 28 Machi 2023. Kwa kawaida maisha yake husimuliwa kama kazi tatu zilizokaa katika mtu mmoja: mwanamuziki wa majaribio, mwigizaji, mtunzi wa muziki wa filamu. Ukizisikiliza kazi zenyewe kwa mfuatano, unakuta fundi mmoja anayegeuza swali moja kila upande kwa miaka 45: nani anashika muda? Kwenye MC-8 muda ulishikwa na namba. Kwenye filamu unashikwa na picha. Mbele ya kamera unashikwa na mwongozaji. Mwishoni kabisa aliuachia waya wa piano wenyewe.

Shule alikuwa nayo ya kutosha. Alisomea utunzi katika chuo kikuu cha taifa cha sanaa na muziki mjini Tokyo mpaka shahada ya uzamili mwaka 1976, na hapohapo alihudhuria masomo ya Fumio Koizumi, mtafiti aliyekusanya muziki wa mataifa mengi. Msomaji wa Pwani ataelewa faida yake: ukishasikia jinsi mpiga ganuni anavyoshusha sauti sehemu ndogo kuliko ile ambayo kibao cha piano kinaweza kuifikia, huwezi tena kuiamini piano kuwa ndiyo kipimo cha muziki wote. Chuoni palikuwa pia na sintesaiza kubwa za wakati ule, yaani ala zinazotengeneza sauti kwa umeme, akajifunza kuzishika. Alipotoka alifanya kazi ya kupiga kinanda kwenye studio za watu mchana, na usiku akarekodi santuri yake ya kwanza, Thousand Knives. Ilimla saa 339 kati ya Aprili na Julai 1978, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za kuingiza namba pamoja na Hideki Matsutake, fundi wa mashine.

Mwaka huohuo Haruomi Hosono aliwaita yeye na mpiga ngoma Yukihiro Takahashi, wakaunda Yellow Magic Orchestra, bendi ya sintesaiza na mashine. Umaarufu wao unafahamika. Kinachosahaulika ni ugumu wa kupanda nao jukwaani. Sintesaiza za aina ile hutengeneza sauti kwa saketi zinazobadilika kadiri joto linavyobadilika. Taa za ukumbi zikiwaka kwa nusu saa, kimo cha sauti kinapanda au kinashuka, na ala iliyokuwa sawa wakati wa majaribio inakosana na wenzake. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzirekebisha wakati onyesho linaendelea, na Matsutake alikuwa jukwaani kwa kazi hiyo, nyuma yake kabati zima la sintesaiza ya Moog lenye nyaya kama mizizi ya mkoko. Halafu mashine haimsubiri binadamu. Takahashi alipiga ngoma zake huku akisikia mlio wa saa ya mashine katika spika za masikioni, maana akipotea nusu mpigo, mashine inaendelea bila yeye. Bendi nyingi za leo zinafanya hivyo bila kufikiri, lakini miaka ile ilikuwa nidhamu mpya kabisa ya mwili.

Santuri yake ya 1980, B-2 Unit, inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Sehemu yake ilitengenezwa London kwa mkono wa Dennis Bovell, bingwa wa dabu ya rege, ambaye kwake meza ya kuchanganyia sauti ni ala kama gitaa. Unazima bezi ghafla, unatuma mlio mmoja wa ngoma kwenye mwangwi, unauacha ujirudie mpaka ufe, kisha unarudisha bezi pale sikio lilipoisahau. Wimbo wa Riot in Lagos umetokana na Sakamoto kumsikiliza Fela Kuti wa Nigeria, lakini hakuiga tarumbeta zake wala sauti yake. Alichukua jinsi sehemu ndogondogo zinavyopokezana bila yeyote kuwa kiongozi, akaigawia mashine. Nakuomba usikilize mistari miwili ya juu peke yake: kila mmoja una mashimo, na shimo la huu linajazwa na noti ya ule. Anayejua marimba za Wagogo au ngoma za Uganda atatambua mara moja kinachofanyika.

Mwaka 1982 mwongozaji Nagisa Oshima alimtaka aigize kama Kapteni Yonoi, mkuu wa kambi ya wafungwa wa vita kisiwani Java, katika Merry Christmas, Mr. Lawrence. Sakamoto hakuwahi kuigiza. Alikubali kwa sharti kwamba muziki nao atunge yeye, na muziki wa filamu pia hakuwahi kutunga. Walipiga picha Rarotonga, katika Visiwa vya Cook, na Nyuzilandi, pamoja na David Bowie, Tom Conti na Takeshi Kitano.

Kama mwigizaji alikuwa na uso ambao kamera iliupenda, na mgongo ulionyooka kama wa askari aliyejifungia maumivu ndani. Sauti yake ndiyo iliyomshinda: Kiingereza chake kinatoka kwa vipande, na mwenyewe alipoona picha za mwanzo alishtushwa na uigizaji wake. Akaamua pale alipokuwa dhaifu aweke muziki. Uamuzi huo haukuwa wa aibu peke yake. Mtunzi aliyesimama ndani ya tukio anajua pumzi ilikatika wapi na ukimya ulidumu sekunde ngapi. Yeye na Oshima kila mmoja aliandika orodha yake ya mahali panapohitaji muziki, na orodha zilikaribia kufanana kabisa.

Sauti ya kengele inayobeba wimbo mkuu wa filamu ile ina sababu zake za kiufundi. Maneno ya waigizaji hukaa zaidi kati ya hezi 300 na 3,000. Ukiweka fidla nzito humohumo, mzungumzaji anazama na mchanganyaji sauti atalazimika kuushusha muziki mpaka usisikike. Kengele inang'aa juu ya eneo hilo, inagonga na kupungua, ikiacha nafasi ya neno. Alitumia sintesaiza ya Prophet-5, na jina linasema kweli: sauti tano tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza noti ya sita, moja ya zile tano inanyang'anywa nafasi na kukatika. Kwa hiyo mtunzi anajifunza uchumi. Noti mbili za bezi, tatu za juu, basi. Na kila unapotaka kuongeza, unajiuliza ipi ife. Filamu ile ilimpa tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya muziki wa filamu, na wimbo wenyewe aliendelea kuupiga mpaka mwaka wake wa mwisho.

Hapa nieleze hesabu ya muziki wa filamu, kwa sababu bila hesabu hiyo kilichompata miaka minne baadaye hakieleweki. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Mwendo wa mapigo 72 kwa dakika unampa kila mpigo fremu 20 kamili, ndiyo maana mwendo huo ni rafiki wa mtunzi: kila mpigo unaangukia mwanzo wa fremu. Sasa una tukio la sekunde 37. Kwa mwendo wa 72 zinaingia mapigo 44.4, na ile 0.4 ndiyo inayokuletea taabu, maana noti ya mwisho haitagonga pale mlango unapofungwa. Unapunguza mwendo mpaka 71.35 na mapigo 44 yanajaa sawasawa. Kisha mhariri anakata sekunde mbili katikati. Ukiongeza mwendo ili mapigo 44 yaenee kwenye sekunde 35, unafika 75.43 na huzuni ya wimbo inageuka kuwa haraka. Dawa nzuri ni kutoa mapigo mawili: 42 kwa mwendo wa 72 ni sekunde 35 kamili. Ila sasa una kipande cha mapigo mawili katikati ya vipande vya manne, na lazima uandike upya sentensi ya muziki ili msikilizaji asihisi kwamba amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mwongozaji Bernardo Bertolucci alimchukua kwa filamu ya The Last Emperor kama mwigizaji tu. Alicheza Amakasu Masahiko, Mjapani aliyekuwa na nguvu nyuma ya pazia huko Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Muswada ulitaka mhusika ajiue kwa kujipasua tumbo. Sakamoto alikataa kwa sababu aliona ni picha iliyozoeleka mno ya Mjapani, na katika filamu Amakasu anajipiga risasi. Wakiwa Changchun aliombwa ghafla atunge muziki wa sherehe ya kumtawaza mfalme, akautunga kwa siku chache kwenye piano iliyokuwa imepotoka vibaya. Akadhani yameisha. Baada ya miezi sita akapigiwa simu atunge muziki wa filamu nzima kwa wiki moja. Aliomba ziwe mbili, moja Tokyo na moja London, na katika hizo alitoa vipande 44. Hiyo ni zaidi ya vipande vitatu kila siku, kwa filamu ambayo bado ilikuwa inakatwa, kwa ala za Kichina ambazo ilibidi kwanza azisikilize na kuzijua: erhu (fidla ya nyuzi mbili), pipa (ala inayofanana na gambusi) na guzheng (ala ya nyuzi inayolazwa kama ganuni). Alipoiona filamu imekamilika, karibu nusu ya kazi yake haikutumika, na vilivyobaki vilihamishwa huku na huku. Mwaka 1988 walipokea tuzo ya Oscar kwa pamoja yeye na watunzi wenzake wa filamu hiyo, David Byrne na Cong Su.

Kutupwa kwa nusu ya vipande kuna mantiki yake, na wanaoanza kutunga filamu waijue mapema. Mtunzi huandika kwa kutazama tukio moja, na mwongozaji husikia filamu nzima kwa saa mbili na nusu. Muziki uliofaa kila mahali ukiwekwa kila mahali unazoeleka, na saa ya pili hauna nguvu tena. Bertolucci alikuwa mgumu hivyohivyo katika The Sheltering Sky ya 1990: orkesta imeshakaa, naye akataka utangulizi wa wimbo uandikwe upya papo hapo. Sakamoto aliuandika upya ndani ya nusu saa, na wakarekodi.

Uigizaji aliuacha pembeni baada ya hapo, na nadhani alifanya vyema. Akahamia New York mwaka 1990. Filamu zilimpa pesa na jina. Zilimchosha pia, maana katika filamu hakuna noti inayoruhusiwa kufa kwa wakati wake.

Ukombozi ulikuja polepole, na mwenzake wa kwanza katika safari hiyo ni Carsten Nicolai, Mjerumani anayejiita Alva Noto. Tangu Vrioon ya 2002 mpaka Summvs ya 2011 walitoa santuri tano kwa njia rahisi kuieleza: Sakamoto alirekodi piano tupu akamtumia mwenzake, na Nicolai akaikatakata kwa kompyuta, akaongeza milio mifupi kama cheche na mawimbi laini ya sauti. Zinakaa pamoja bila kugombana kwa sababu kila mmoja ana ghorofa lake. Cheche ziko juu sana, mawimbi yako chini, na piano imebakiwa na sebule nzima katikati. Anayejaribu mtindo huu nyumbani kwa kawaida hukosea jambo moja, anaweka mwangwi kwenye kila kitu. Cheche zikipewa mwangwi zinakuwa mvua, na piano inalowa. Waliungana tena katika The Revenant ya 2015, pamoja na Bryce Dessner.

Katikati ya miaka hiyo masikio yake yalitoka nje ya studio. Mwaka 2002 alifika Kenya, mpaka Ziwa Turkana, eneo ambalo ardhi yake imetoa mabaki ya binadamu wa kale kabisa; mawazo aliyotoka nayo huko ni ya asili moja ya binadamu, na ya muziki wake wa kwanza. Mwaka 2008 alikwenda Greenland, akashusha kipaza sauti kwenye maji chini ya barafu na kunasa mtiririko wake.

Kisha kukatokea tsunami ya Machi 2011. Katika shule moja mkoani Miyagi palikuwa na piano iliyozamishwa na maji ya bahari, na Sakamoto akaenda kuikagua. Ili kuelewa alichokiona, ifikirie piano kama mtego uliokazwa. Ndani yake kuna waya za chuma zipatazo 230, na ukijumlisha mvuto wao wote unakaribia tani 20. Kila waya umezungushwa kwenye msumari uliopigwa ndani ya ubao mgumu, na msumari unashikwa na msuguano wa ubao tu. Maji yakiingia, ubao unavimba. Ukikauka unanywea na kupasuka, na misumari inateleza. Noti nyingi za juu zina waya tatu kila moja, kwa hiyo noti haishuki kama noti: waya mmoja unashuka sana, wa pili kidogo, wa tatu unabaki, na ukibonyeza kitufe kimoja unasikia watu watatu wanaobishana. Chumvi inakula chuma, kutu inaua ule mng'ao wa juu wa sauti. Nyundo za sufu zinanyonya tope na kukauka ngumu, zinagonga kama ubao.

Fundi yeyote wa piano angesema itupwe. Sakamoto mwanzoni aliisikia kama maiti ya piano. Baadaye akaisikia tofauti: miti ilipindwa kwa nguvu za kiwanda, chuma kikavutwa mpaka kikubali vipimo vya binadamu, na mafundi wanakuja kila mara kukaza kwa sababu vitu hivyo havikomi kutaka kurudi kwenye asili yao. Bahari ilivirudisha kwa siku moja. Aliichukua piano hiyo na kuitumia katika santuri ya async ya 2017.

Katika async hakuna saa ya pamoja. Humo kuna piano ile, nyayo zinazokanyaga majani, sanamu za chuma za Harry Bertoia zinazolia zikiguswa, na tuazi, ile sahani ya chuma ya mpiga ngoma, linalopigwa kwa upinde wa fidla. Hilo la mwisho linaweza kujaribiwa na yeyote. Tundika tuazi kwa kitovu chake, paka upinde ulimbo wa fidla kwa wingi kuliko kawaida, kisha uvute wima ukingoni, taratibu na kwa mgandamizo. Nywele za upinde hushika chuma, zinateleza, zinashika tena, mara mamia kwa sekunde, na hapo ndipo mlio unapozaliwa. Ukivuta haraka unapata mkwaruzo tu. Gusa ukingo wa upande wa pili kwa kidole na mlio unaruka kwenda kimo kingine. Kila tuazi lina milio yake na halikubali kuamriwa, na hiyo ndiyo raha yake.

Alikuwa ameshaugua saratani ya koo mwaka 2014, na mwaka 2021 akatangaza nyingine. Santuri ya mwisho, 12, ilitoka siku aliyotimiza miaka 71. Nyimbo zake zimepewa tarehe badala ya majina, ya kwanza ni 20210310, na kwenye baadhi pumzi yake inasikika wazi kuliko noti. Kwa filamu ya Monster ya Hirokazu Kore-eda aliweza kutunga vipande viwili vipya tu. Vingine vilitolewa kwenye kazi zake za zamani.

Septemba 2022, katika studio ya 509 ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, mjini Tokyo, alipiga nyimbo 20 peke yake mbele ya kamera, chache kila siku kadiri mwili ulivyoruhusu. Filamu ya onyesho hilo, Opus, iliongozwa na mwanawe, Neo Sora, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Tong Poo, uliokuwa wimbo wa kasi wa Yellow Magic Orchestra, humo unatembea kama mzee anayeshuka ngazi. Sababu inasikika ukiongeza sauti ya spika. Noti ya chini kabisa ya piano inaweza kuvuma kwa nusu dakika, ya juu kabisa imeisha kabla ya sekunde moja, na yeye anasubiri. Anashikilia pedali, kichwa kimeinama, mpaka mvumo ukaribie kumezwa na hewa ya chumba, ndipo anashusha kidole kingine. Hakuna hesabu ya 48 inayoweza kuandika mngojo ule, kwa sababu kila piano na kila chumba vina wao.

Kwa miaka mingi jukwaani alikuwa na piano mbili: moja aliipiga, ya pili ilikuwa ya Yamaha inayojiendesha, ikirudia sehemu alizorekodi mwenyewe kabla. Karibu na mwisho wa Opus kiti kiko wazi. Vitufe vinashuka na kupanda vyenyewe, kwa mwendo wake uleule, pamoja na vituo vyake vyote.